Kilichobaki na Kilichotunzwa

Mwaka 1990, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, watu 14 walikuwa wakitumia kwa pamoja diski moja ya kompyuta yenye nafasi ya megabaiti 80. Diski ilijaa mara kwa mara, na kila ilipojaa liliulizwa swali lile lile: nafasi imekwenda wapi, na ameichukua nani? Ben Shneiderman, mwanzilishi wa maabara hiyo, hakuridhika na orodha. Kompyuta iliweza kumtajia folda na ukubwa wake mstari baada ya mstari, lakini tarakimu zilizopangwa wima kurasa kwa kurasa hazimpi mtu sura ya jambo. Alitaka kuiona diski nzima kwa mtazamo mmoja. Akabuni mchoro: mstatili mkubwa unaosimama badala ya diski, uliokatwa kuwa mistatili midogo, kila mmoja ukiwa na eneo linalolingana na ukubwa wa faili lake. Faili kubwa likaonekana kubwa. Kilichokula nafasi kikajitokeza chenyewe.

Mchoro huo umezaa mingine mingi. Mwaka 2000 watafiti watatu wa Eindhoven, Uholanzi, Mark Bruls, Kees Huizing na Jarke van Wijk, walieleza namna ya kuikata mistatili hiyo ikaribie kuwa miraba, ili jicho liilinganishe kwa urahisi. Mafundi wengi wa kompyuta leo wanazijua programu zilizofuata njia hiyo, kama KDirStat ya Linux na WinDirStat ya Windows. Nyingine, ya mazingira ya GNOME, huchora duara juu ya duara, na walioiunda waliiita Baobab, yaani mbuyu. Hata kabla ya michoro yote hiyo, mfumo wa Unix uliobuniwa Bell Labs ulikuwa na amri fupi ya kuuliza nafasi iliyotumika, du, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1971. Swali lenyewe, basi, ni la siku nyingi. Limezaliwa karibu pamoja na diski.

Nalitafakari swali hili kwa sababu naona linamhusu mtu kuliko linavyoihusu mashine. Programu hizi hujibu maswali mawili kwa uaminifu: kiasi gani, na wapi. Swali la tatu haziligusi: cha nini? Nalo ndilo linalomkabili mwenye kompyuta anapoutazama mchoro. Kila kisanduku kinamdai sababu ya kuwepo kwake, na mara nyingi mwenyewe hana cha kujibu, kwa kuwa haikuwahi kuwapo siku aliyoamua kwamba kiwepo.

Jambo la kwanza ambalo mchoro humwonyesha mtu ni jinsi ukubwa na thamani vinavyotengana. Biblia nzima, ikiwekwa kama maandishi matupu, ni megabaiti 4 hivi. Msahafu kwa maandishi ya Kiarabu hauzidi megabaiti 2. Simu ya kisasa inaporekodi video ya ubora wa kawaida, dakika moja hula megabaiti 60 na zaidi, yaani megabaiti moja au zaidi kwa kila sekunde. Maana yake ni kwamba simu iliyojirekodi yenyewe mfukoni kwa sekunde tano au sita, ikanasa giza na mkwaruzo wa kitambaa, imechukua nafasi kubwa kuliko maneno ambayo mamilioni ya watu wamezaliwa nayo, wameoana kwayo na wamezikwa kwayo. Kwenye mchoro, maandiko hayo yangekuwa nukta ambayo jicho halioni, na lile giza la mfukoni lingekuwa na mipaka yake na rangi yake.

Familia nyingi zina diski ya namna hiyo. Ndani yake kuna video ya harusi, kuanzia kuagwa kwa binti hadi ukumbini, gigabaiti kadhaa zilizoletwa na mpiga picha na kutazamwa mara chache. Na mahali fulani, katika folda isiyo na jina la maana, kuna sauti ya nusu dakika ya mama aliyekwisha kutangulia, akiuliza kama watoto wamekula na kama mvua imenyesha huko. Sauti hiyo haifikishi hata megabaiti moja. Sisemi kwamba harusi haina thamani. Ina thamani kubwa, na siku moja wajukuu watataka kuiona. Ninachosema ni kwamba thamani haina eneo. Huwezi kuipaka rangi kwenye ramani ya diski, na mtu anayesafisha kwa kufuata ukubwa peke yake, au kwa kufuata udogo peke yake, anafanya kazi gizani hata kama skrini inawaka.

Udogo nao una deni lake. Diski hugawa nafasi kwa vipande visivyopungua kiasi fulani, kwa hiyo kwenye baadhi ya flashi faili lenye herufi moja tu linaweza kutengewa kilobaiti 32. Ndiyo maana Windows, ukiiuliza habari za faili, hukupa hesabu mbili: ukubwa wa faili, na ukubwa wake kwenye diski. Kila kitu kinachowekwa, hata kiwe kidogo namna gani, kina gharama ya chini ya kuwepo. Haba na haba hujaza kibaba, na wahenga waliposema hivyo walikuwa wakiusifu uvumilivu wa anayeweka. Diski hutuonyesha upande wa pili: haba na haba huendelea kujaza kibaba hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kukijaza.

Zamani hali haikuwa hivyo, na sababu ilikuwa gharama. Mwaka 1956 IBM ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya aina hii. Sehemu yake ya kuhifadhia ilikuwa na sahani 50, uzito wake ulikuwa kama tani moja, na iliweza kubeba herufi milioni 5, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo inatosha kukimaliza. Kampuni zilizoikodi zililipa fedha nyingi kila mwezi. Katika mashine kama hiyo hakuna herufi iliyoingia kwa bahati. Mtu alikaa, akapima, akaamua kwamba hesabu ya bidhaa hii inastahili nafasi na ile haistahili. Uhaba uliwalazimisha watu kuuliza cha nini kabla ya kuweka. Sisi tumeondolewa uhaba huo, na ni neema. Lakini pamoja nao tumeondolewa ile hatua ya kuuliza, na hilo hatukulitambua lilipotokea, kwa sababu nafasi tele haimsimamishi mtu mlangoni.

Tazama jinsi vitu vinavyofika kwenye diski leo. Kuna kikundi cha WhatsApp cha ukoo, cha jumuiya, cha waliosoma pamoja, cha kamati ya harusi ambayo wenyewe sasa wana watoto wawili. Kila asubuhi huingia picha ya maua yenye salamu, video ya mahubiri au mawaidha, tangazo la msiba, kichekesho kilichopitia vikundi vingine ishirini. Mtu asipobadilisha mpangilio, simu huweza kuvipakua vyote na kuvitunza kwenye hifadhi yake. Simu inapoelekea kujaa, mwenyewe huvihamishia kwenye kompyuta kwa usalama. Miezi michache baadaye hufanya hivyo tena, na kwa kuwa hakumbuki alichohamisha mara ya kwanza, huhamisha vyote. Sasa maua yale yale ya Ijumaa yanakaa mahali patatu. Juu yake kuna programu zilizopakuliwa ili zisakinishwe, zikasakinishwa, na vifurushi vyake vikabaki. Kuna toleo la zamani la Windows lililoachwa kando baada ya kupandisha jipya. Kuna barua moja yenye nakala tano, kila moja ikidai kwa jina lake kuwa ndiyo ya mwisho.

Katika yote hayo sioni uzembe wa kulaumiwa. Naona tofauti ambayo maisha ya sasa yameifanya kuwa ngumu kuiona: kuna vitu vilivyotunzwa na kuna vitu vilivyobaki. Kilichotunzwa kina mtu nyuma yake, mtu aliyekiangalia akasema hiki nakitaka, akakipa jina na mahali. Kilichobaki hakina mtu. Kipo kwa sababu hakuna aliyekiondoa. Kwenye diski vinakaa bega kwa bega, kwa sumaku ile ile na tarakimu zile zile, na hakuna programu inayoweza kuvitenganisha, kwa sababu tofauti yao haimo ndani ya faili. Imo katika tendo la mtu, nalo ama lilifanyika ama halikufanyika.

Tuna methali inayotutetea katika hili: akiba haiozi. Wengi wetu tumelelewa nayo, na ni methali ya watu walioijua njaa. Chupa tupu haikutupwa, kamba haikutupwa, kopo la maziwa ya unga likawa kipimo cha mchele. Kutupa kulikuwa kiburi. Naiheshimu hekima hiyo na sitaki kuipunguza. Ila naomba tuitazame vizuri. Anayeweka akiba hutenga. Huchukua sehemu ya alicho nacho leo, huiweka mbali na mkono, na huiweka kwa ajili ya siku anayoiwazia: kiangazi, ada ya shule, ugonjwa. Akiba ina siku yake mbele. Nakala ya tatu ya salamu za Ijumaa haina siku yoyote mbele yake. Tukiiita akiba tunaikopesha heshima isiyo yake, na tunaikosea akiba ya kweli, ile sauti ya mama, ambayo sasa imefunikwa na gigabaiti za vitu visivyomsubiri mtu. Kipo kinachoitwa hifadhi ambacho kazi yake ni kuficha.

Mahali ninapoliona jambo hili wazi kuliko pengine popote ni kwenye steshenari za miji yetu. Ni vyumba vidogo karibu na vyuo, mahakama, stendi na ofisi za serikali. Mtu huingia na flashi au simu, akaomba kuchapiwa barua, kuskaniwa vyeti, kujaziwa maombi ya ajira au ya mkopo wa masomo mtandaoni. Kazi huisha kwa dakika chache, mteja hulipa na kuondoka. Faili haliondoki naye. Uso wa skrini umejaa majina: barua ya maombi, barua ya maombi 2, CV ya dada, cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja. Ukiichora ramani ya diski ile, mistatili mingi si ya mwenye duka. Kila mmoja ni wa mtu aliyekuwa na haja siku ile, aliyepanga foleni na kutumaini kitu.

Kwa mwenye duka hiyo ni nafasi iliyoliwa, na siku kompyuta itakapokuwa nzito atafuta vyote kwa mkupuo. Kwa wenyewe ni namba ya kitambulisho, sahihi, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, vikiwa mikononi mwa mtu wasiyemjua na mbele ya macho ya kila mteja anayekaa kwenye kiti kile. Hapa kutoamua kunamgusa mtu mwingine. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania ikatunga yake mwaka 2022, na zote mbili zimebeba wazo lile lile: taarifa ya mtu isikae kupita muda wa haja iliyoileta. Wanasheria wameliandika kwa lugha yao, lakini chini yake naliona swali letu la tatu. Cha nini? Haja ikiisha na kitu kikabaki, yupo anayebeba hatari ya kubaki kwake, na mara nyingi siye aliyekiacha.

Baada ya kusema hayo, ramani ya diski humfundisha mtu pia kujizuia. Ukiitazama kwa hamu ya kusafisha, utakuta visanduku vikubwa vyenye majina ya ajabu ambavyo hukuviweka. Kwenye Windows kuna faili linalohifadhi hali yote ya kumbukumbu ya kompyuta inapozimwa kwa namna ya kulala, ili ikiamka ikute kazi ilipoishia. Kuna lingine linalosaidia kumbukumbu inapozidiwa. Kuna folda ya WinSxS, inayoonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu faili lile lile linaweza kufikiwa kwa majina mawili, na mwenye kuhesabu kwa haraka hulihesabu mara mbili. Hata nafasi inayoonekana kuibiwa tangu dukani haikuibiwa: mtengenezaji huhesabu terabaiti moja kwa makundi ya elfu, Windows huhesabu kwa makundi ya 1,024, na kitu kile kile husomeka kama gigabaiti 931.

Anayefuta asivyovielewa huamka na kompyuta isiyowaka. Nami naichukua tahadhari hiyo nje ya kompyuta, maana mambo mengi yanayonibeba sikuyachagua. Lugha ninayoandikia hapa sikuichagua. Adabu ya kuwaamkia wakubwa sikuichagua, wala majina ya marehemu tuliyorithishwa, wala kawaida ya kumwuliza mtu habari za nyumbani kabla ya kumweleza shida iliyonileta. Mtu angeweza kuvichora vyote hivyo kama visanduku vinavyokula muda na kuuliza vina faida gani. Jibu la haraka lingekuwa la hatari. Kwa hiyo nalirekebisha nililolisema: kutunza hakudai kwamba kitu kiwe kilichaguliwa tangu mwanzo. Kunadai kwamba sasa kijulikane, na mtu awe tayari kusema kwa nini anakiacha kikae.

Kufuta nako kuna mambo yake. Kwenye diski ya sumaku, faili linapofutwa kwa njia ya kawaida, linaloondolewa ni jina lake katika orodha ya diski. Yaliyomo yanabaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na ndiyo maana mafundi huweza kurudisha picha ambazo mtu aliamini zimepotea. Katika mifumo ya ukoo wa Unix kuna hali inayowasumbua wasimamizi wapya: faili limefutwa, halionekani katika folda yoyote, amri ya du haikuti kitu, lakini diski bado imejaa. Sababu ni kwamba kuna programu iliyolifungua faili hilo kabla halijafutwa na bado imelishika. Mfumo hautairudisha nafasi mpaka mshikaji wa mwisho aachie. Kulitafuta faili kwa jina hakusaidii, kwa kuwa jina halipo tena. Msimamizi hana budi kumtafuta anayeshika.

Sijui maelezo ya kweli kuliko hayo kuhusu kinyongo, au kuhusu msiba ambao familia imekubaliana usizungumzwe. Jina limeondolewa. Hakuna anayelitaja mezani. Na bado nafasi imejaa, watu wanakosa pumzi ndani ya nyumba, na kila anayetafuta sababu katika vitu vinavyoonekana haioni. Kuondoa jina si kuachia. Kuachia ni tendo la peke yake, na lazima lifanywe na yule aliyeshika.

Wala si tendo la bure. Mwaka 1961 Rolf Landauer, mwanafizikia wa IBM, alionyesha kwa hoja kwamba kufuta taarifa hata kidogo kabisa, chembe moja ya ndiyo au hapana, lazima kutoe joto fulani, na kwamba kipo kiwango cha chini ambacho mashine yoyote, hata iundwe kwa ustadi gani, haiwezi kukikwepa. Joto hilo ni dogo mno, na kompyuta tulizo nazo hutoa mengi zaidi kwa sababu nyingine. Mwaka 2012 watafiti waliofanya majaribio yao Lyon, Ufaransa, walikikaribia kiwango hicho kwa kupima. Landauer alikuwa akizungumzia fizikia na simtwishi maadili. Lakini inanipa faraja kujua kwamba katika misingi ya ulimwengu wenyewe kusahau kunagharimu. Anayeona uzito mkononi anapotaka kufuta picha za rafiki waliyeachana hana sababu ya kujiona dhaifu. Analipa bei halali.

Sasa yupo atakayenipinga kwa hoja nzito, na ingekuwa si haki kuikwepa. Atasema: hakuna ajuaye kesho kitatakiwa nini. Atanikumbusha Geniza ya Kairo. Katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, kulikuwa na chumba ambamo kwa karne nyingi Wayahudi waliweka karatasi zilizochakaa, kwa sababu hawakutaka kuliharibu andiko lolote linaloweza kuwa na jina la Mungu. Pamoja na vitabu vya dini ziliingia barua za wafanyabiashara, mikataba ya ndoa, orodha za bidhaa, madeni, malalamiko. Mwishoni mwa karne ya 19 msomi Solomon Schechter alisafirisha sehemu kubwa hadi Cambridge, na leo viko huko vipande zaidi ya 190,000. Baadhi ya barua hizo zinaeleza biashara kati ya Misri, Aden na India, katika Bahari ya Hindi hii hii iliyowalea mababu zetu wa pwani. Hakuna aliyezichagua kwa ajili ya historia. Zilibaki tu. Kama mtu makini angekuja kuzipanga katika karne ya 12, huenda angeziteketeza zote.

Nakubali kila neno la hoja hiyo, na bado inanirudisha nilipokuwa. Kwanza, chumba kile hakikujaa kwa kutoamua. Kilijaa kwa sababu watu walishika nia moja, kwamba andiko lisidharauliwe, wakaishika kizazi baada ya kizazi. Pili, karatasi zile zilikaa gizani karne na karne bila kumwambia mtu lolote. Zilianza kusema pale watu kama mwanahistoria S. D. Goitein walipoketi nazo miaka mingi, kipande kwa kipande, mpaka ukapatikana ule uchunguzi wake mkubwa wa maisha ya jamii za Mediterania katika zama hizo. Maana haikuwa imelala ndani ya chumba ikingoja kuhesabiwa. Ilitokea pale macho ya mtu yalipokutana na karatasi, na mtu huyo akalipa kwa miaka ya maisha yake. Anayetegemea kwamba kila alichokiacha kitapata Goitein wake anaomba kwa watu wasiozaliwa kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwa na muda wa kuianza.

Wale wanaoifanya kazi ya kutunza kwa niaba ya taifa wanalijua hili. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani hueleza kwamba katika nyaraka zote zinazozalishwa na serikali ya nchi hiyo, zinazohifadhiwa daima ni kati ya asilimia 1 na 3. Nyingine huondolewa kwa utaratibu. Namba hiyo inaweza kumshtua mtu, lakini ni ya watu wanaoipenda kumbukumbu kuliko wengi wetu. Wamejifunza kwamba rundo lisilochambuliwa humpotezea mtafutaji karatasi anayoihitaji sawasawa na moto.

Na hapa ndipo swali la diski linapokuwa zito kuliko yote. Kompyuta nyingi sasa zinaishi kuliko wenyewe. Mtu anafariki, arobaini inapita, familia inakaa kuifungua mashine yake kwa sababu inaaminika kwamba ndani yake kuna hati, picha, mkataba, pengine wosia. Wanakuta gigabaiti 400. Wanaweza kuendesha programu na kuona kiasi gani na wapi, na mchoro utatoka mzuri, hautakosa hata baiti moja. Jibu la cha nini limezikwa. Hawajui kama ile folda yenye jina la tarehe ni kazi ya ofisini au ni barua alizomwandikia mwanawe akasita kuzituma. Wataogopa kufuta chochote, na kwa kuogopa watakiweka chote juu ya kabati. Au watachoka, na kwa kuchoka watamkabidhi fundi aisafishe na kuiuza. Kwa njia zote mbili, kilichotunzwa na kilichobaki vitakwenda pamoja, kwa sababu aliyejua tofauti hayupo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na diski isiyo na neno la mwenyewe ni mali ya namna hiyo hata ikijaa. Kwa hiyo naiona kazi ya kupanga diski kuwa ni wema kwa watakaotufuata. Haihitaji ustadi mwingi. Inahitaji mtu aifungue ramani, aanze na visanduku vikubwa kwa sababu vinaonekana, kisha avishukie vile vidogo ambavyo havionekani na ambavyo anavijua yeye peke yake. Sauti ya mama ipewe jina la mama. Picha ya watu sita kwenye baraza iandikiwe mstari mmoja: hawa ni akina nani, ilikuwa wapi, nani alikuwa anaondoka kesho yake. Faili la mteja lifutwe haja ikiisha. Asichokielewa akiulizie kabla ya kukigusa. Na anachoshindwa kukifuta akijua hakimfai, akubali kwamba bado amekishika, ajiulize kwa nini.

Nafasi haitakuwa tatizo letu. Tangu RAMAC imezidi kuwa rahisi na kubwa, na anayejaza diski leo anaweza kununua nyingine kesho na kuahirisha swali. Kisichonunulika ni saa za mtu aliye hai za kukaa mbele ya alicho nacho na kutoa neno juu yake. Mashine imetupunguzia kazi ya kukumbuka, ya kuhesabu na ya kubeba, na tuishukuru. Kazi ya kusema hiki ni cha nini haikupewa, na hata ikipewa itakuwa inakisia, kwa sababu jibu lake halimo ndani ya diski. Limo kwetu, kwa muda tulio nao, na inatupasa tuliseme tungali na sauti.